BWATI OTOMATIKI NA BARIDI YA ASUBUHI: TUJUE UGONJWA MBELE YA KUFUNGUA



Katika somo hili sisi wa seksio ya mekaniki tunataka kufasiria jambo moja lililotuangusha mbele ya mwalimu wetu, kusudi ninyi lisiwaangushe. Ni juu ya motoka zenye bwati otomatiki, ni kusema zile ambazo hazina pedali ya amburayaji na shofere habadilishi vitesi kwa mkono. Zamani motoka za namna hii zilikuwa chache kwetu. Leo ziko nyingi katika barabara za Lubumbashi na Likasi, zikitoka ng'ambo zikiwa zimekwisha kutumika. Na kila mwaka, inapofika miezi ya baridi, wa sita na wa saba, tunasikia watu wanalia: «Asubuhi motoka inakataa!»

Habari ilivyoanza

Papa wa mwanafunzi mmoja wa darasa letu anaishi kwa teksi yake. Chakula cha nyumba na minervali ya watoto watatu, vyote vinatoka katika motoka ile. Mwezi wa saba ilianza kumsumbua. Saa kumi na mbili ya asubuhi anawasha motere, anaweka levye kwa D, motoka inasimama kama jiwe. Anangoja, anangoja, kisha inaruka mbele kwa nguvu. Kufika saa nne inatembea vizuri, kama haikuwa na kitu. Watu walimwambia: «Bwati imekufa, Papa. Inaomba ingine.» Papa akaanza kutafuta mtu wa kununua parseli yake, kusudi apate bei ya bwati.

Mbele ya kuuza, alileta motoka kwenye ateliye yetu. Ilikuwa saa sita ya mchana. Tulizima motere, tukavuta kijiti cha kupimia mafuta, tukaona mafuta yamefika kwenye alama. Sisi tukasema kwa sauti kubwa: «Mafuta imejaa. Kweli, ni bwati.» Mwalimu wetu hakukasirika. Aliuliza ulizo moja tu: «Ugonjwa huu unakuja saa ngapi, na unaondoka saa ngapi?» Hakuna hata mmoja aliyekuwa amemuuliza Papa jambo hilo. Somo hili lote ni jibu la ulizo lile.

1. Bwati otomatiki inafanya kazi namna gani?

Katika bwati ya kawaida, mguu na mkono wa shofere ndivyo vinavyofanya kazi. Katika bwati otomatiki, mafuta ndiyo mguu, na mafuta ndiyo mkono. Tukumbuke vyombo vitano:

a) Konvertiseri. Ni chombo cha mviringo kati ya motere na bwati. Ndani yake kuko mapanga kama ya ventilateri. La kwanza linazungushwa na motere, linarusha mafuta. Mafuta yanasukuma la pili, ambalo linazungusha bwati. Kati yao kuko la tatu linaloongoza mafuta yanayorudi, ili nguvu iongezeke. Mjerumani Hermann Föttinger alivumbua njia hii mwaka 1905, na kwanza ilikuwa kwa ajili ya meli.

b) Pompu. Inazungushwa na motere. Inavuta mafuta kutoka karteri ya chini, kupitia filtiri, na kuyatuma kwa presio.

c) Amburayaji za ndani. Ni sahani nyembamba zilizopangwa pamoja. Presio ya mafuta inasukuma pistoni, pistoni inabana sahani, na vitesi inashika. Pembeni ya pistoni kuko mpira unaozuia mafuta yasipite.

d) Meno ya sayari. Yanaitwa vile kwa sababu yanazunguka jino la katikati kama sayari zinavyozunguka jua.

e) Sanduku la valvu. Ni njia ndogo nyingi ambamo mafuta yanagawanywa. Katika motoka za sasa, elektrovani zinafungua na kufunga njia hizo kwa amri ya ordinateri.

Bwati otomatiki ya kwanza kutengenezwa kwa wingi ni Hydra-Matic ya General Motors ya Marekani, iliyowekwa katika motoka za Oldsmobile za mwaka 1940. Tangu siku hizo vyombo vimebadilika sana, lakini kanuni ni ileile: pasipo presio ya mafuta, hakuna vitesi. Tushike neno hili, tutalirudilia.

2. Baridi inafanya nini kwa mafuta?

Mama zetu wanajua kwamba mafuta ya ngazi yanaganda katika chupa wakati wa baridi. Mafuta ya bwati hayagandi vile kwetu, lakini yanakuwa mazito na kutembea pole. Kuna kipimo cha ugumu wa kutiririka. Maji ya digre 20 yana kipimo karibu cha 1. Mafuta ya bwati ya namna ya Dexron III, yakiwa na joto la digre 100, yana karibu 6. Lakini kwa digre 40 chini ya zero, sheria ya mafuta hayo iliruhusu kipimo kifike mpaka 20,000! Ni kusema zaidi ya mara 3,000. Kwa digre 10 juu ya zero, ambayo ni asubuhi ya kwetu, ugumu unakuwa zaidi ya mara tatu ya ule wa digre 40.

Jambo la pili: baridi inapunguza ukubwa wa mafuta. Tufanye hesabu. Kwa kila digre moja, mafuta yanapungua karibu sehemu 8 kwa 10,000. Bwati ina lita 8. Mchana mafuta yana digre 80, asubuhi yana digre 8. Tofauti ni digre 72. Basi: 8 × 72 × 0.0008 = karibu lita 0.46. Ni kusema, kama mafuta yalikuwa machache mchana, asubuhi yanakuwa machache zaidi, karibu nusu lita, ingawa hata tone moja halikumwagika.

Jambo la tatu: baridi inakausha na kupunguza mipira. Mpira mpya unabaki laini. Mpira wa zamani, uliopikwa na joto la miaka mingi, unakuwa mgumu, na asubuhi haubani vizuri mpaka upate joto.

3. Katika inchi za baridi kali

Tusifikiri kwamba baridi yetu ndiyo baridi. Katika mji wa Winnipeg, inchi ya Kanada, joto la katikati katika mwezi wa kwanza ni karibu digre 16 chini ya zero. Ku Yakutsk, Siberia, ni karibu digre 38 chini ya zero. Watu wa Kanada wanaunganisha motere na umeme usiku ili isigande, na wengine wanaweka kipasha-joto hata chini ya karteri ya bwati. Huko maji kidogo yaliyoingia katika kebo ya levye yanaganda, na levye inakataa kutoka P. Kama maji yamechanganyika na mafuta, barafu inaweza kuziba filtiri. Batri nayo inakuwa zaifu, na ordinateri isipopata umeme wa kutosha inaweza kutoa amri mbaya ao kubakiza bwati katika vitesi moja tu ya kujilinda.

Kwetu Lubumbashi, karibu metre 1,200 juu ya bahari, usiku wa mwezi wa sita na wa saba joto linaweza kushuka chini ya digre 10. Si baridi ya kugandisha kebo. Kwa hiyo tunajifunza neno la maana: kama kwa baridi ndogo hivi bwati inachelewa sana, baridi siyo iliyoleta ugonjwa. Ugonjwa ulikuwa mule, baridi imeufunua tu.

4. Mambo ya asubuhi yasiyo ugonjwa

Mbele ya kumtisha mwenye motoka, tujue yale ambayo ni ya kawaida:

– Vitesi inashika kwa kuchelewa kidogo mara ya kwanza tu, sekunde moja ao mbili, kisha haichelewi tena.

– Motere inapiga kelele zaidi na vitesi zinabadilika kwa kuchelewa, katika kilometre za kwanza. Katika motoka nyingi ordinateri inafanya hivyo kwa makusudi, ili motere ipate joto haraka.

– Vitesi ya juu kabisa haiingii kwanza, na konvertiseri haifungwi. Hiyo pia ni amri ya ordinateri mpaka joto litoshe.

Mambo haya yakiisha kisha dakika chache, hakuna ugonjwa. Kumbe, kuna watu waliobadilisha bwati nzima juu ya jambo kama hili!

5. Ugonjwa una saa yake

Hapa ndipo ulizo la mwalimu linafanya kazi. Tuandike katika daftari:

Kama mbaya inakuja asubuhi na kuondoka motoka ikipata joto: fikiri kwanza mafuta machache; kisha filtiri iliyoziba, kwa sababu mafuta mazito hayapiti; kisha mafuta yasiyo ya bwati ile; mwishoni mipira migumu ya pistoni.

Kama asubuhi ni vizuri na mbaya inakuja kisha joto: fikiri pompu iliyolika, ao mipira na sahani zilizokwisha. Mafuta ya moto ni mepesi, yanapita katika kila nafasi iliyolika, na presio inaanguka. Hii ndiyo hatari zaidi.

Kama mbaya inakuja kila mara motoka ikilala muda mrefu, hata siku za joto: inawezekana mafuta ya konvertiseri yanarudi katika karteri usiku. Hapo siyo baridi, ni kulala.

Kama mbaya iko sawasawa asubuhi na mchana: hapana kushitaki baridi. Tafuta umeme, elektrovani, valvu iliyokwama ao sahani.

6. Hatua za kuchunguza

Hatua ya kwanza: sikia mwenye motoka. Muulize kwa heshima: «Papa, ilianza lini? Ni kwa D tu, ao hata kwa R? Nani aliongeza mafuta mara ya mwisho, na ya namna gani?» Andika majibu.

Hatua ya pili: angalia chini. Weka karatasi safi chini ya motoka usiku mzima. Mafuta yakidondoka, karatasi itasema. Angalia zaidi mabomba yanayopeleka mafuta ya bwati kwenye radiateri.

Hatua ya tatu: pima mafuta kwa namna inayofaa. Katika motoka nyingi inapashwa bwati iwe na joto la kazi, motere ikizunguka pole, motoka mahali pa sawasawa. Kanyaga fre, pitisha levye polepole katika kila alama, rudisha kwa P, kisha pima. Motere ikizimwa, sehemu ya mafuta inarudi katika karteri, na kijiti kinaonyesha kwamba mafuta yamejaa kumbe hayakujaa. Motoka chache zinapimwa motere ikiwa imezimwa, na zingine hazina kijiti kabisa. Kwa sababu hiyo tusome kitabu cha motoka yenyewe.

Hatua ya ine: tazama na kunusa. Mafuta mengi ya bwati ni mekundu yakiwa mapya, ingawa si yote. Yakiwa meusi na kunuka kama kitu kilichoungua, sahani zimeungua. Yakifanana na maziwa ya rangi ya waridi, maji ya radiateri yameingia. Hapo motoka isitembee tena mpaka itengenezwe.

Hatua ya tano: hesabu sekunde. Vuta fre ya mkono, kanyaga fre ya mguu kwa nguvu, mtu yeyote asisimame mbele ao nyuma. Motere ikizunguka pole, toa levye kutoka N kwenda D na hesabu mpaka usikie motoka inashituka kidogo. Ngoja dakika moja, rudilia mara tatu, kisha gawanya kwa tatu. Fanya vile vile kwa R. Vitabu vya Toyota kwa bwati zake nyingi vinasema, bwati ikiwa ya moto, D ishike mbele ya sekunde 1.2 na R mbele ya sekunde 1.5. Fanya kipimo asubuhi ya baridi na tena mchana, andika hesabu zote mbili. Tofauti kati yao ndiyo barua ambayo bwati inakuandikia.

Hatua ya sita: ikiwa kuna ordinateri, soma kodi zake, na tazama kapteri ya joto la mafuta. Kapteri ikisema uongo kwamba mafuta ni ya baridi, bwati itafanya kama ni asubuhi siku nzima.

Hatua ya mwisho tu ndiyo kufungua. Na hapa onyo: kuna kipimo kingine, cha kukanyaga aksele mpaka chini motoka ikiwa imeshikwa na fre. Mwanafunzi asikifanye pasipo mwalimu. Katika sekunde chache tu mafuta yanaweza kuungua, na fre ikiachia, mtu anaweza kufa.

7. Teksi ya Papa iliishia wapi?

Motoka ililala katika ateliye. Asubuhi tulifika saa kumi na mbili, wengine tukiwa tumejifunika mablanketi. Kipimo kwa D: sekunde 7. Mchana bwati ikiwa ya moto: sekunde 2. Tukapima mafuta tena, mara hii motere ikizunguka. Kijiti kilikuwa karibu kikavu! Mafuta yale tuliyosema «imejaa» yalikuwa yamepungua zaidi ya lita moja. Tuliona haya. Karatasi chini ya motoka ilikuwa na madoa mekundu, sawasawa chini ya bomba la radiateri, ambapo mpira ulikuwa umepasuka.

Tulibadilisha kipande cha mpira ule, tukasafisha karteri, tukaweka filtiri mpya na mafuta yaliyoandikwa katika kitabu. Kesho yake asubuhi, kwa baridi ileile, kipimo kilikuwa sekunde 2. Mchana kilikuwa karibu sekunde 1. Papa alilipa filtiri, mafuta na mpira. Parseli haikuuzwa, na watoto wake watatu wangali wanasoma.

Lakini hatukumdanganya kwamba bwati ni mpya. Sekunde 2 za asubuhi zinaweza kuwa za kawaida, zinaweza pia kuonyesha kwamba mipira ya ndani inaanza kuzeeka, na kutembea na mafuta machache kunaweza kula sahani. Tulimwomba arudi kila mwezi tupime tena. Hesabu zikipanda, tutajua mbele ya motoka kusimama barabarani na abiria ndani.

8. Neno kwa mashofere

– Asubuhi, washa motere na ngoja kidogo, nusu dakika ao dakika moja, mpaka mzunguko wake ushuke. Kisha weka D, kanyaga fre, ngoja ishike.

– Isiposhika, hapana kukanyaga aksele! Motere ikizunguka mbio na vitesi ikishika kwa gafula, sahani zinaungua. Zile kelele za asubuhi ziliua bwati nyingi kuliko baridi.

– Kilometre za kwanza tembea pole. Mafuta ya bwati yanapata joto zaidi motoka ikitembea, si ikisimama.

– Usichanganye mafuta ya bwati na mafuta ya motere ao ya bwati ya mkono, hata yakiwa ya bei ndogo.

Mwisho

Wandugu, haraka haraka haina baraka. Sisi tulihukumu motoka mchana juu ya kosa la asubuhi, na kwa kipimo ambacho hatukukijua vizuri. Kama Papa angetusikia, angeuza udongo wa watoto wake juu ya mpira mmoja uliopasuka. Fundi anayemcha Mungu anajua kwamba nyuma ya kila motoka kuko jamaa inayokula. Basi tusikie kwanza, tupime mara mbili, kisha tuseme. Na tukikosa, tuungame mbele ya mwenye mali, sawa tulivyofanya.

Maulizo ya kujipima

1. Juu ya nini mafuta ya bwati yanaonekana mengi motere ikizimwa?

2. Bwati ina lita 6 za mafuta. Joto lashuka kutoka digre 80 mpaka digre 10. Mafuta yanapungua lita ngapi?

3. Motoka inashika vizuri asubuhi, lakini kisha saa moja ya kutembea inateleza. Utafikiri ugonjwa gani kwanza, na utamwambia mwenyewe nini?

4. Maulizo gani matatu utamuuliza mwenye motoka mbele ya kushika ufunguo?

Leteni majibu kwenye ateliye. Tutayasahihisha pamoja.